Oman ilipofunga milango, ufunguo ulikuwa kwa kafili

Sensa ya Oman ya Desemba 2020 ilihesabu watu 4,471,148. Hao ni raia na wageni kwa pamoja, na bado hawafikii wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam peke yake. Wageni walikuwa 1,739,692, yaani karibu watu 39 katika kila 100. Mwishoni mwa 2019 wageni hao walikuwa wakikaribia milioni 2. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya laki mbili waliondoka katika mwaka ambao viwanja vya ndege vilifungwa kwa abiria wa kawaida miezi sita mizima.

Waliotakiwa waondoke waliondoka. Waliotaka kuondoka ni habari nyingine, na hao ndio nataka kuwazungumzia.

Kwetu Unguja, Oman si nchi ya kuisoma gazetini. Sayyid Said alihamishia makao yake hapa karne ya 19, na kila kaskazi majahazi kutoka Sur yalituletea Wamanga na tende zao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 safari ikageuka, watu wakakimbilia huko, na Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 akawaita Waomani waliokuwa nje warudi waijenge. Ndiyo maana mpaka leo ukiingia duka la Ruwi au Seeb unaweza kununua kanzu kwa Kiswahili tangu salamu mpaka chenji. Shangazi yangu yuko Seeb. Alizaliwa Vuga, ana pasipoti ya Oman, na ukimpigia simu saa ya chakula cha mchana lazima akwambie anapika nini.

Hiyo ni njia moja kati yetu na wao. Ya pili ni ya wasichana wanaokwenda kufanya kazi za ndani, mashagala. Ndege ni ileile, ila abiria si wa aina moja. Shangazi akishuka anapokewa na watoto wake. Shagala anapokewa na kafili, mtu aliyemdhamini viza, na tangu hapo kibali chake cha kuishi, kazi yake na mara nyingi hata pasipoti yake viko mkononi mwa mtu huyo. Kisheria kafili hatakiwi kuishika pasipoti ya mfanyakazi. Huishika.

Korona iliingia Oman tarehe 24 Februari 2020 na wanawake wawili waliotoka Iran. Nchi ndiyo kwanza ilikuwa imetoka kwenye siku arubaini za msiba wa Qaboos, aliyefariki tarehe 10 Januari, na Sultan Haitham alikuwa hajazoea kiti. Mambo yakaenda mbio. Ndege za abiria zilisimama 29 Machi. Matrah ilifungwa 1 Aprili, kisha mkoa mzima wa Maskati 10 Aprili. Matrah watalii wanaijua kwa soko lake la ubani na fedha, lakini nyuma ya soko ndiko walikobanana vibarua wa Kihindi, wa Kibangladeshi na wa Kipakistani, kitanda juu ya kitanda, na gonjwa la namna ile likiingia chumba kama hicho halibagui. Serikali ilitangaza kwamba mgeni yeyote, hata asiye na kibali halali, atapimwa na kutibiwa bure. Jambo hilo nalishukuru, na nalitaja mapema kabla sijaanza kulalamika.

Mwezi uleule wa Aprili bei ya mafuta ikaporomoka. Nchi inayoishi kwa mafuta ikajikuta na maradhi upande huu na mfuko mtupu upande ule. Kampuni binafsi zikakatazwa kuwafukuza raia, ila zikaruhusiwa kumaliza mikataba ya wageni mradi wawalipe haki zao. Mwisho wa mwezi kampuni za serikali zikaagizwa ziharakishe kuwaweka Waomani kwenye nafasi za wageni. Mei, India ikaanza kuwabeba watu wake kwa mpango wa Vande Bharat, nchi nyingine nazo zikapanga ndege maalumu. Laki mbili zile ndizo hizo: mafundi ujenzi, madereva, wauza maduka, makarani. Kazi zao zilikufa, kwa hiyo milango ya kutokea ilipatikana hata anga ikiwa imefungwa.

Kazi ya ndani haikufa. Iliongezeka.

Binti wa jirani yetu wa Fuoni alikuwa kwenye nyumba moja nje kidogo ya Maskati. Mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa uishe Aprili ile ile ya 2020. Mshahara ulikuwa riyali 80, kiasi kilichokuwa kikiandikwa kwenye mikataba mingi ya Watanzania, kama dola 208 za Marekani. Mama yake alikuwa ameshapaka rangi chumba. Machi ikaja, anga ikafungwa, madam akamwambia: umeona mwenyewe, ndege hakuna.

Hilo lilikuwa kweli, na hakuna wa kumlaumu. Lakini sikiliza nyumba yenyewe ilivyokuwa. Kabla ya korona bwana alikwenda kazini asubuhi, watoto watano skuli, madam kwa mamake, na shagala akapata saa mbili tatu za kupumua, akapiga simu, akaanika miguu. Baada ya Machi wote saba wako ndani kutwa. Chai ya asubuhi ikawa mara tatu kwa sababu kila mtu anaamka kwa wakati wake. Ramadhani ile ilianza mwisho wa Aprili, misikiti imefungwa, tarawehe inasaliwa sebuleni, na daku yao ilikuwa meza nzima. Vitasa vya milango vilifutwa kwa dawa kila sala. Mikono yake ikachubuka, akatutumia picha: ngozi ya vidole imebabuka kama aliyemenya mihogo mibichi ya shamba zima.

Ijumaa alizokuwa akitolewa kidogo kwenda kwa Mtanzania mwenzake nyumba ya tatu zikafutwa. Madam alikuwa na hoja: ukitoka utatuletea maradhi. Madam mwenyewe aliendelea kupokea dada zake. Ujumbe wa sauti wa binti ulikuwa ukifika usiku mkubwa, ameurekodi chooni, bomba limefunguliwa ili sauti isisikike nje, na mama yake alikuwa hawezi kuusikiliza bila kumwita mtu akae naye.

Wakati huo huku kwetu hoteli zilikuwa zimekufa. Kaka yake alikuwa mhudumu kwenye hoteli ya Nungwi, wakamrudisha nyumbani bila mshahara kama walivyofanyiwa mamia wengine pwani ile. Mtalii hakuna, mpapasi, kijana wa kuwatembeza watalii, hana wa kumpapasa, mvuvi anashusha ngisi hajui amuuzie nani. Nyumba ile ya Fuoni watu wote wakawa wanaishi kwa riyali 80 za binti mmoja.

Aprili 2020 Benki ya Dunia ilibashiri kwamba pesa wanazotuma wahamiaji kwenda nchi maskini na za kipato cha kati zingeanguka kwa karibu asilimia 20 mwaka ule. Zilipungua kwa asilimia 1.6 tu. Kwa Kenya ziliongezeka. Wachumi walitoa sababu zao, na nyingi nakubaliana nazo, lakini mimi nina yangu ya kuongeza niliyoiona kwa macho. Mtu aliyefungiwa ndani hana pa kutumia hata baisa moja, senti ya kule, hutuma zote. Na walio nyumbani, wakiwa hawana chochote, huzipokea zote na kuomba za mwezi ujao. Takwimu ile iliyowafurahisha watu, ya pesa ambazo hazikuanguka, ndani yake wamo wasichana waliokuwa hawatoki nje.

Mama alimpenda mwanawe, na simsemi vibaya. Lakini nilikuwepo siku alipomwambia kwenye simu, "Vumilia mwanangu, ukirudi sasa tutakula nini?" Kafili alikuwa na ufunguo mmoja, wa pili ulikuwa Fuoni, na binti alilijua hilo kuliko sisi sote.

Oktoba 1 anga ya Oman ikafunguliwa. Tukadhani basi. Hapo ndipo nilipoanza kuielewa nchi ndogo inayotegemea mikono ya watu wa nje. Kabla ya korona shagala akimaliza mkataba, wakala huleta mwingine, yule anaondoka huyu anaingia. Baada ya kufunguliwa, kuingia kulikuwa na gharama mpya: kipimo kabla ya safari, kipimo ukifika, karantini, bangili ya kielektroniki mkononi ya kukufuatilia, na kuanzia Februari 2021 karantini yenyewe ikawa ya hoteli kwa gharama ya msafiri. Kwa shagala, msafiri maana yake kafili. Vipimo vya afya vya Ghuba walivyokwisha kufanyiwa wasichana Dar es Salaam na Nairobi viliisha muda wake vikiwa kwenye bahasha za mawakala. Kumleta mpya kukawa ghali na kwa kubahatisha. Aliyekwisha kuwa ndani, anayejua jiko na anajua mtoto gani hali nyanya, akawa mali. Thamani yake ilipanda, mshahara haukupanda, na ruhusa ya kuondoka ilishuka. Kafili wa binti wetu alimwambia asubiri kidogo apatikane wa kumpokea.

Kisha ikaja ile ya Tanzania, na hapa Watanzania tuna la kujibu. Sisi tulisimamisha ndege za nje Aprili 2020, tukafungua tena 18 Mei. Takwimu tulizitoa kwa mara ya mwisho mwanzoni mwa Mei, wagonjwa 509, tukanyamaza. Nchi nyingine zikiwa zimejifungia, Zanzibar ikawa mahali pa kupumzikia dunia: Warusi, Waukraine, na Waomani wengi mno. Msimu ule wa baridi ya kwao walikuja kwa familia, wakala urojo Forodhani, wakatembelea makaburi ya mababu, wakarudi. Februari 2021 Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akafariki, baada ya chama chake kusema wiki chache nyuma kwamba ameambukizwa korona. Mwezi huohuo waziri wa afya wa Oman, Ahmed Al Saidi, akasema asilimia 18 ya wanaofika kutoka Tanzania wanakutwa na maambukizi. Tarehe 25 Februari Oman ikazuia kuingia wasafiri kutoka nchi kumi, Tanzania imo, Ethiopia imo.

Raia wao waliruhusiwa kurudi, kwa masharti. Wale waliokuja kupunga upepo Nungwi wakarejea makwao. Aliyezuiwa ni msichana wa Tanga au wa Pemba mwenye viza ya kazi, ambaye pengine hajawahi kufika ufukwe ule wenye hoteli.

Na marufuku ya kuingia ikageuka kuwa marufuku ya kutoka. Hakuna aliyeandika hivyo kwenye tangazo lolote. Ila kama Tanzania imefungwa na Ethiopia imefungwa, na Aprili 24 India, Pakistan na Bangladesh nazo zikafungwa, yule wa kumpokea binti wetu atatoka wapi? Kafili hakuwa mtu mkatili, na ndiyo maana kisa chake nakiona kibaya zaidi kuliko vile vya vipigo tunavyovisikia. Alimnunulia simu mpya sikukuu. Baadaye alimwongezea riyali kumi. Hakumpa tiketi.

Angeweza kutoroka? Shagala akiondoka bila ruhusa kafili huenda kuripoti kwamba ametoroka, na hapo kibali kinakufa na faini zinaanza kuhesabiwa. Serikali ilifungua msamaha kuanzia 15 Novemba 2020: mgeni ambaye kibali chake kimekwisha ajiandikishe, asamehewe faini, aende kwao kabisa. Muda ukasogezwa mbele zaidi ya mara moja, na makumi ya maelfu walijiandikisha. Januari 1, 2021 ikaondolewa pia ile barua ya kutokuwa na pingamizi, ambayo bila hiyo mfanyakazi aliyemaliza mkataba na mwajiri mmoja alizuiwa miaka miwili kurudi kwa mwajiri mwingine. Ni mabadiliko makubwa, na sidhani yangefika haraka vile bila korona. Nchi ilihitaji wageni wapungue, na pia ilihitaji waliobaki wahame kazi kwa wepesi kwenda panapohitaji mikono. Haki ikapatikana kwa sababu ya hesabu. Sina ugomvi na haki iliyokuja kwa mlango huo. Lakini yote hayo yanamfaa anayejua kuna tangazo, ana simu mkononi na anaweza kufika kwenye ofisi. Binti alijua habari ya msamaha kupitia kwetu, na muda ule simu ilikuwa inakaa kwa madam mpaka vyombo vya usiku viishe.

Nisieleweke kwamba nchi ndogo haikupaswa kufunga. Mwaka 1918 meli ya Talune kutoka Auckland ilitia nanga Apia, Samoa ya Magharibi, na homa ya mafua iliyoshuka nayo ikaua karibu mtu mmoja katika kila watano wa kisiwani. Jirani zao wa Samoa ya Marekani, chini ya gavana John Martin Poyer, walizuia meli, na hakufa hata mmoja. Sisi wenyewe kipindupindu cha 1869 kilitufikia Unguja kwa kupitia Pangani na hapakuwa na wa kukizuia. Oman ilipoteza zaidi ya watu 4,000 kwa korona pamoja na kufunga kote kule. Kufunga kunaokoa. Ninachosema ni kwamba mlango wa nchi ukifungwa, ndani yake kuna milango mingine midogo, na serikali haikuuliza nani anaishika.

Shangazi naye alifungiwa kwa namna yake. Ami yangu, kaka yake wa tumbo moja, alifariki Unguja Julai 2020. Siku hizo hata mikoa ya Oman yenyewe ilifungiana. Tulimzika Mwanakwerekwe, mpwa mmoja ameshika simu juu ya vichwa vya watu, na upande wa pili wa kioo shangazi amejifunika buibui lake la zamani la Kizanzibari ambalo sijui alikuwa amelihifadhi wapi. Khitma tuliisoma sisi huku na wao kule, intaneti inakatika, wao wako Yaasin sisi tumeshafika mbele. Mtu aliyetoka hapa mtoto, amerudi kila mwaka na masanduku ya halua na udi, kwa mara ya kwanza alikuwa mgeni kwetu kama mgeni mwingine yeyote.

Nilimsimulia habari za binti wa Fuoni. Akanyamaza, halafu akasema na yeye wa kwake, Mtanga, ameshapitisha mkataba kwa miezi. "Nifanyeje? Mimi mgongo huu." Nampenda shangazi yangu. Nilimwambia ampe tiketi. Alimpa, mwezi wa Septemba 2021.

Septemba kwa sababu tarehe 1 mwezi huo Oman ilifungua tena kwa waliochanjwa. Tanzania chanjo zilitua Julai 24, dozi milioni moja na ushei za Janssen kupitia COVAX, mpango wa dunia wa kugawana chanjo, na Rais Samia akachanjwa hadharani siku nne baadaye. Mpaka wiki chache nyuma tulikuwa nchi isiyo na chanjo inayoomba kuingia nchi isiyopokea wasiochanjwa. Foleni za kuchanja mjini ile Agosti zilikuwa na wazee wenye kisukari, mahujaji watarajiwa, na wasichana wenye bahasha za kaki kwapani. Muuguzi wetu wa mtaa alikuwa anawatambua bila kuwauliza. Uoga wa chanjo uliokuwa umejaa mitaani wao hawakuwa nao. Walitaka cheti.

Binti wetu alifika mwezi ule ule wa Septemba, mwaka na nusu baada ya siku aliyoandikiwa. Alinenepa uso, akapungua mwili. Kwa wiki kadhaa alikuwa akiamka kabla ya alfajiri na kuanza kufagia, mamake akimrudisha kitandani.

Mwaka 2023 idadi ya watu Oman ilivuka milioni 5, wageni wamejaa tena kuliko walivyokuwa kabla ya korona, na yeye alikuwa ameshaondoka mara ya pili, nyumba nyingine, Sohar. Safari hii aliuliza maswali kabla ya kuweka sahihi: simu inakaa na nani, siku ya mapumziko ni ipi, na tiketi ya kurudi inanunuliwa lini. Wakala alikasirika, akamwambia wapo mia wanaoitaka nafasi ile. Akamjibu awachukue hao mia. Baada ya siku mbili wakala akapiga simu. Nilipomsimulia shangazi alicheka, kisha akalalamika kwa dhati kabisa: mashagala wa siku hizi wanauliza Ijumaa kabla hawajauliza mshahara, na Mtanga wake aliyerudi Januari ametaka riyali 110.